Fumba Macho, Mpole

Shangazi alianza kulalamika tangu asubuhi, na mpaka Mpole anavaa viatu alikuwa bado hajafika mwisho.

"Nywele zimesukwa jana, leo zifumuliwe! Harusi keshokutwa! Hebu nieleweshe, maana mimi sikusoma. Ni bwana harusi gani anayemfumua bibi harusi wake ili amvishe kofia ya nyaya?"

"Shangazi, ni utafiti. Amebakiza mtu mmoja tu amalize."

"Mji wote huu amekosa kichwa kingine?"

Mama alikuwa akipiga pasi vitambaa vya meza karibu na dirisha. Alicheka bila kuinua uso. "Wifi, muache mtoto. Daktari wa ubongo, hanywi, hapayuki, na kila siku ananipigia simu kuniuliza habari ya presha yangu. Wewe mwenyewe mwanao wa kumzaa hakuulizi. Mkwe kama huyo unamwokota wapi?"

"Sijasema ni mbaya. Nasema ninachokiona. Mtoto huyu akiwa na sisi anacheka mpaka anashika mbavu. Yule bwana akibisha hodi tu, anakaa kama mtu aliyevaa nguo za kuazima."

"Hayo ndiyo mapenzi, wifi yangu. Mimi mbele ya kaka yako nilikuwa hata mate siwezi kumeza."

Shangazi akabetua midomo. Mpole akatabasamu, akajifunga kitambaa kichwani kuficha nywele zilizotimka, akatoka. Jina lake halisi lilikuwa kwenye vyeti tu. Tangu akiwa darasa la kwanza watu walimwita Mpole kwa sababu hakuwahi kugombana na mtu, hakuwahi kupandisha sauti, na akikanyagwa mguu ni yeye aliyeomba radhi. Watu humsifu mtu wa namna hiyo kwa sababu hawasumbui, na yeye akajifunza kuzipenda sifa hizo.

Njiani aliyatafuna maneno ya Mama. Ni kweli, mbele ya Daktari mate hayakumezeka. Moyo ulimwenda mbio, viganja vilimlowa jasho, na maneno aliyoyapanga vizuri yalimpotea. Tangu siku ya kwanza alijiambia kwamba ndiyo kupenda kwenyewe. Hakuwa amewahi kupenda kabla ya hapo, sasa angelinganisha na nini?

Kazi yake ilikuwa kupima mawimbi ya ubongo hospitalini. Chumba cha vipimo kilikuwa mwisho wa korido, na alikijua kama anavyojua chumba chake cha kulala: kiti kirefu cha kuegemea, pazia zito, mashine yenye kioo kipana, sinki ambalo bomba lake la maji ya moto lilikufa zamani. Kwa miaka mingi alikuwa akiwavisha watu ile kofia yenye nyaya, akiwapaka jeli baridi kwenye ngozi ya kichwa, kisha akiwaambia maneno yale yale kwa sauti ile ile laini: "Fumba macho. Tulia." Mtu akifumba macho na kutulia kweli, mistari ya kisogoni iliyokuwa ikitetemeka huanza kupanda na kushuka taratibu, mipana, inayolingana. Wataalamu huyaita mawimbi ya alfa. Mpole mwenyewe aliyaita mawimbi ya utulivu. Alipenda kuyaona yakija. Kila mara yalimpa raha, utadhani amembembeleza mtoto akalala.

Daktari alikuja na utafiti wake mwaka uliopita. Alitaka kujua kama tabia ya mtu huonekana kwenye mawimbi, na kama wanawake na wanaume hutofautiana. Kila aliyekuja alijaza dodoso kwanza: unapenda kukaa na watu? Unakasirika upesi? Una wasiwasi? Halafu Mpole anamvisha kofia. Alicheka sana miezi ile. Walikuja wanaume wenye vifua kama milango, wameandika kwenye dodoso kwamba hawajui hofu ni kitu gani, na jeli ikigusa tu utosi mistari yao inacharuka kama kuku aliyeona mwewe. Akaja mwanamke mmoja mwembamba, mwalimu wa chekechea, aliyeandika kwamba anaogopa kila kitu. Huyo alifumba macho akatulia mpaka akakoroma.

"Daktari," Mpole alimwambia siku moja walipokuwa wakipitia kazi, "ukinifichia majina, mimi siwezi kukuambia huu ni wa mwanamke na huu ni wa mwanamume. Wanafanana kuliko wanavyotofautiana."

Daktari akatabasamu. "Hiyo ndiyo sababu wewe ni fundi na mimi ni daktari."

Alilisema kwa sauti nzuri sana. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya pole pole, na macho yake hayakuwa na haraka ya kukuacha. Mpole alisikia aibu, akasikia na joto la kutazamwa, vyote kwa pamoja, na jioni ile alipoambiwa "nakupenda" akajibu "asante, Daktari." Hata sasa, keshokutwa akiwa mke, bado neno "mpenzi" lilimkwama. Kila akifungua kinywa lilitoka "Daktari".

Mchana huo alimkuta amesimama katikati ya chumba, koti jeupe limefungwa vifungo vyote.

"Umefumua."

"Uliniambia nifumue."

"Najua. Nafurahi unavyosikia." Alimsogelea, akamfungua kitambaa, akazichambua nywele kwa vidole. Vidole vyake vilikuwa na ujuzi. Vilipita nyuma ya sikio, vikashuka shingoni, vikakaa hapo zaidi kidogo kuliko kazi ilivyohitaji. Mpole alisisimka mwili mzima. "Unatetemeka," Daktari alisema.

"Jeli ni ya baridi."

"Sijapaka jeli bado."

Wakacheka, Daktari zaidi. Mpole akakaa kwenye kiti alichozoea kukiona kikikaliwa na wengine, na ajabu, kilikuwa kigeni. Hakuwahi kujua kwamba ukikiegemea huuoni mlango.

"Kuna simu nasubiri," Daktari alisema baada ya kukaza kamba ya kidevuni. "Huenda nikatoka kidogo. Wewe usifungue macho mpaka nikuambie."

"Lakini wakati wa kipimo hatutoki. Mtu akiingia na kutoka anaharibu."

"Fumba macho, Mpole. Tulia."

Akafumba. Ndani ya giza alisikia nyayo zake, mlango, kimya. Akavuta pumzi ndefu. Akafikiria nguo yake ya harusi ilivyoning'inia nyuma ya mlango wa chumbani, na Shangazi na midomo yake iliyobetuka, akajikuta akitabasamu peke yake. Kisha mlango ukafunguka, nyayo zikasogea, zikasimama nyuma ya kiti. Ni Daktari. Alisimama tu. Mpole alihisi mabega yake yanapanda yenyewe. Nyayo zikaondoka tena. Zikarudi. Zikaondoka. Simu gani hii isiyoongewa, aliwaza, maana hakusikia hata "halo" moja.

"Basi, fungua," Daktari alisema aliporudi. "Umefanya vizuri. Ngoja nikakuletee maji ya moto nikuoshe kichwa."

Alipotoka, Mpole alifanya kitu ambacho fundi yeyote wa vipimo angekifanya. Alinyoosha mkono, akageuza kioo upande wake, akarudisha kipimo nyuma ajitazame. Kusema kweli alikuwa na hamu. Amewaona mamia ya watu ndani kwa ndani, hajawahi kujiona.

Alijiona. Mwanzoni mistari ilikuwa midogo, ya haraka, imebanana. Halafu ghafla ikafunguka, mipana, mizuri, taratibu kama pumzi ya mtu aliyelala. Moyo wake ukafurahi. Halafu ikakatika. Ikabanana tena, mbio mbio. Ikafunguka. Ikakatika.

Sasa, watu wa kazi hii wana desturi moja. Likitokea jambo lolote wakati wa kipimo, mgonjwa akikohoa, gari likipiga honi, unaweka alama papo hapo na kuandika neno, ili anayesoma baadaye asichanganyikiwe. Mpole ndiye aliyemfundisha Daktari kutumia alama za mashine hii. Na alama zilikuwa pale, juu ya mistari, zimeandikwa vizuri. "Nimetoka." Utulivu unafunguka. "Nimeingia." Utulivu unakatika. "Nimetoka." "Nimeingia." "Nimetoka."

Hapakuwa na simu yoyote.

"Umeona?"

Alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la maji. Hakuonekana kukasirika, wala kushtuka.

Mpole akajikaza. "Ndiyo nini sasa, Daktari? Si kwa sababu nakupenda? Ukiingia moyo unaenda mbio. Kila mtu anajua hivyo."

"Inawezekana." Aliweka bakuli, akachovya kitambaa, akakikamua. "Mashine haiwezi kutofautisha. Mtu akipenda, akichukia, akiogopa, huo utulivu unakatika tu. Ukimpelekea kipimo hiki mtu mwingine atakuambia, huyu bibi amechangamka. Basi." Alianza kumfuta jeli kwenye paji la uso, taratibu. "Lakini mimi na wewe tunajua, si ndiyo?"

Ni kweli alijua. Jambo hilo lilikuwa limekaa kifuani miezi yote hiyo, na yeye amelipa jina zuri ili asilitazame usoni. Aliogopa alipotumiwa ujumbe na kuchelewa kujibu. Aliogopa siku alipocheka na mpishi wa hospitali, na Daktari akamuuliza jioni, kwa upole, kilichokuwa kinachekesha ni nini. Machozi yalimlengalenga, na kilichomuuma zaidi ni kwamba alikuwa amefurahi sana kupenda.

"Umejua lini?" akauliza.

"Mwanzo kabisa. Unakumbuka ulipojivisha kofia unifundishe mashine inavyofanya kazi? Nilipita nyuma yako nikachukue kalamu. Mistari yote ikabadilika." Akatabasamu kwa kumbukumbu hiyo, kama wengine wanavyokumbuka busu la kwanza. "Siku hiyo hiyo nikakata shauri nitakuoa."

"Kwa sababu nakuogopa?"

"Kwa sababu una adabu ndani ya ubongo wenyewe. Hiyo haifundishwi." Akaendelea kufuta. "Yule niliyekuwa naye kabla yako alikaa kwenye kiti kama hiki. Nikaingia, nikatoka, nikaingia. Hakuna kilichobadilika. Alikuwa ametulia kabisa. Nilipaswa kuelewa mapema kwamba nyumba yetu haitakuwa na amani."

Mpole aliwahi kusikia kwamba Daktari alishaoa huko nyuma. Watu wa hospitali walisema tu kwamba mke "aliondoka", na kila aliyelitamka neno hilo alilisema upesi upesi na kuanza habari nyingine.

"Yuko wapi sasa?"

"Anatunzwa." Neno moja, laini, na kitambaa kikaendelea kupita shavuni.

Mikono ya Mpole ilikwenda kidevuni yenyewe, ikafungua kamba, ikavua kofia. Nyaya zilimgonga mabegani. Akasimama.

"Siolewi nawe. Samahani. Siolewi, Daktari." Hata hapo aliomba samahani.

Alijiandaa kwa kelele, kwa kofi, kwa mlango kubamizwa. Daktari alikunja kitambaa mara mbili, akakitundika kwenye ukingo wa sinki.

"Umechoka," alisema. "Harusi huchosha. Nenda nyumbani ukapumzike. Nitampigia Mama nimwambie usisumbuliwe."

Na akampisha njia. Mpole alipita karibu kukimbia, koridoni, getini, barabarani, jeli ikimkaukia kichwani, watu wakimtazama. Alishangaa ilivyokuwa rahisi. Kumbe kusema hapana ni jambo la kinywa tu! Alipokaribia nyumbani alikuwa hata anapanga maneno: Mama atalia, atamtaja baba marehemu, atauliza atawaambia nini waalikwa. Shangazi atapiga makofi. Watagombana mpaka magharibi, halafu yataisha.

Mama alifungua mlango kabla hajagonga.

Nyumba ilikuwa kimya. Pasi imezimwa, redio imezimwa. Shangazi alikuwa kwenye kochi, mikono mapajani, macho mekundu.

"Njoo ukae, mwanangu," Mama alisema. "Taratibu. Hapa."

Mpole alibaki amesimama. Ile sauti aliijua. Ni yeye aliyekuwa akiitumia kila siku kazini, kwa watu walioletwa wameshikwa mikono.

"Mama, siolewi."

"Sawa."

Alingoja. Mama alimmiminia maji kwenye glasi.

"Nasema siolewi na Daktari. Keshokutwa hakuna harusi."

"Sawa, mama. Kunywa maji kwanza."

"Mama, unanisikia lakini?"

"Nakusikia, mwanangu. Alisema utasema hivyo."

Glasi ilikuwa imenyooshwa mbele yake na hakuweza kuipokea. "Nani? Amesema nini?"

"Amepiga simu sasa hivi." Mama aliweka glasi mezani. "Kasema kipimo chako hakikutoka vizuri. Kasema ndiyo maana alitaka akupime kabla ya harusi, alikuwa na wasiwasi siku nyingi akatuficha asituumize. Utawachukia wanaokupenda, kasema, utadhani wanataka kukudhuru. Tusikubishie. Mwanangu, yule mwanamume amelia. Nimemsikia kwa masikio yangu akilia. Na kasema hata hivyo hakuachi, atakuoa hivyo hivyo na kukuuguza mwenyewe. Nani anafanya hivyo siku hizi?"

"Ni uongo! Mama, kipimo nimekiona kwa macho yangu! Mimi ndiyo kazi yangu! Ubongo wangu ni mzima, shida ni kwamba namwogopa! Amenijaribu, anaingia anatoka, anaingia anatoka, anaandika! Mke wake wa kwanza kamfungia sijui wapi!"

Alikuwa akipiga kelele. Alijisikia mwenyewe, sauti kubwa, ngeni, iliyopasuka katikati, na nywele zimesimama kila upande na jeli nyeupe imekauka utosini. Mama alirudi nyuma hatua moja. Kisha akageuka kumtazama wifi yake.

"Umeona? Lini umewahi kumsikia mtoto huyu akipiga kelele?"

Mpole akamkimbilia Shangazi, akapiga magoti, akamshika mikono yote miwili. "Shangazi, mwambie Mama. Wewe ulijua. Ulisema leo asubuhi, hapa hapa! Ulisema akiingia nabadilika."

"Nilisema, mwanangu." Machozi yalimtiririka mwanamke yule aliyekuwa hashindwi maneno na mtu. Akamwondoa unywele usoni kwa kidole. "Nilikuona unabadilika, nikamshuku mtoto wa watu bure. Kumbe ni wewe uliyekuwa unaumwa, na mimi nimekaa nabetua midomo. Nisamehe."

"Shangazi, sio hivyo..."

"Shh. Tulia. Yuko njiani, anakuja na dawa ya kukupumzisha. Ukituliatulia, keshokutwa tutafunga ndoa yetu vizuri na hakuna mtu atakayejua."

Mpole alimtazama Shangazi, akamtazama Mama. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mbaya. Walimpenda wote wawili, na ndiyo maana hapakuwa na pa kutokea. Akiendelea kupiga kelele, ni mgonjwa. Akinyamaza, ameolewa. Daktari alikuwa amempima vizuri. Alijua ni lipi kati ya hayo mawili mtu mpole angelichagua.

Nje gari likasimama. Mlango wake ukafungwa kwa ustaarabu, bila kubamizwa, na nyayo zikaanza kuja.

"Karibu, baba!" Mama aliita, akienda kufungua.

Mpole akainuka, akafungua dirisha lililotazama kwa majirani, akavuta pumzi mpaka mbavu zikauma, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akachagua kuitwa mgonjwa. Akapiga ukelele mtaa mzima ukasikia.